Sura ya Tano: Mwenye Kauli Juu ya Fedha ya Mlima

Katika miaka ya 1920 Mwafrika wa Kenya alizuiwa kupanda kahawa ya arabika. Walowezi walisema ataeneza magonjwa ya mimea, tena ataiba kahawa ya mashamba yao. Hofu yao kubwa ilikuwa nyingine: mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuwa kibarua kwa mtu. Walowezi wa Moshi, upande huu wa mpaka, Tanganyika, walitoa hoja hizohizo, lakini huku hazikushinda. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga wa Kilimanjaro walikuwa tayari na miti yao, na mwaka huo wakaunda chama cha kuitunza na kuuza mazao yake, Kilimanjaro Native Planters Association, kwa kifupi KNPA. Rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo, aliyekuwa amefanya kazi chini ya Charles Dundas, ofisa wa utawala wa Kiingereza aliyewahimiza Wachagga wapande kahawa.

Sura hii inafuata fedha zilizotokana na uamuzi huo: zilikusanywaje, nani alizishika, zilinunua nini, na nini kilitokea kila mara kauli juu yake ilipohamia kwa mwingine. Siku hizi duniani kote wenyeji wanadai kwamba mali iliyochumwa katika ardhi zao irudishwe kwao ili wajiamulie mambo yao. Ni dai la haki na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Ila mazungumzo yake mara nyingi huishia kwenye kiasi: zitolewe ngapi, zigawanywe kwa nani. Kilimanjaro ina karne nzima ya ushahidi kwamba swali la kiasi huja la pili. La kwanza ni nani atakaa mezani fedha zikihesabiwa.

Tukumbuke kwanza kilichokuwa kimechukuliwa. Tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi (yaani mtawala) Meli huko Old Moshi pamoja na viongozi wenzake. Baada ya upinzani kuvunjwa, ardhi nzuri iliyo chini ya makazi ya Wachagga ilianza kumegwa kwa walowezi na misheni, na Waingereza walipoingia hawakuirudisha kwa wenyewe. Mchagga akabanwa. Juu yake kulikuwa na msitu uliotangazwa hifadhi ya serikali, chini yake shamba la mzungu, na katikati kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, kinachogawanywa upya kila kizazi. Kihamba si kikubwa, lakini kila futi yake ina kazi: migomba juu, kahawa kivulini, magimbi na mboga chini, ng'ombe bandani wakiletewa majani, maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yakipita kwa zamu, mimea ya masale ikionyesha mpaka, na makaburi ya wazee palepale nyumbani. Ndani ya kihamba hicho ndimo mbuni ulimopenya. Miche ilifika kupitia kwa mapadre wa Roho Mtakatifu wa misheni ya Kilema katika miaka ya 1890. Ilipandwa bila kung'oa mgomba, na hiyo ndiyo sababu familia iliweza kuingia katika soko la dunia huku ikiendelea kula.

Taabu ya kahawa ni kwamba haina thamani kubwa mpaka ivuke bahari. Mkulima mwenye magunia mawili hana nguvu mbele ya mfanyabiashara wa mjini mwenye mizani yake mwenyewe. Wala hana uwezo wa kununua bomba la kupulizia dawa ya wadudu. KNPA ilianza hapo hapo penye uchungu: ikanunua mabomba na dawa, ikakusanya kahawa ya wengi iuzwe kwa pamoja, ikakata kidogo katika kila mauzo kuendesha kazi hizo. Kwa macho ya serikali ya kikoloni huo ulikuwa ushirika wa biashara tu. Kwa walioujenga ulikuwa pia mahali pa kusemea, maana KNPA ilizungumzia ardhi na haki ya Mchagga kulima anachotaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 chama kilielemewa na madeni na tuhuma za matumizi mabaya ya fedha, na serikali ikapata mwanya. Sheria ya Vyama vya Ushirika ikatungwa mwaka 1932. Mwaka 1933 mahali pa KNPA pakachukuliwa na Kilimanjaro Native Co-operative Union, KNCU, chama kikuu kinachosimama juu ya vyama vya msingi vya kila eneo, kikiwa na meneja Mwingereza, A. L. B. Bennett.

Wapo wanaosimulia habari za KNCU kana kwamba ni hadithi ya mafanikio tangu siku ya kwanza. Haikuwa hivyo. Wakulima waliona chama chao kimegeuzwa mali ya bwana mkubwa, na kanuni zikawalazimisha kuuzia hapo tu. Bei iliposhuka mwaka 1937, hasira ikalipuka. Majengo ya vyama yakashambuliwa, na serikali ikatumia nguvu kuzima ghasia hizo. Watu hawakuwa wanakataa kuungana, kwa kuwa miaka kumi na miwili nyuma walikuwa wameungana kwa hiari yao. Walikuwa wanakataa kuunganishwa. Kwangu mimi mwaka 1937 una uzito sawa na 1925, maana unaonyesha kwamba hata chombo chema kikikabidhiwa watu kwa amri, watakiona kuwa mzigo.

Baada ya hapo, polepole, wanachama walikifanya chama kuwa chao. Inafaa tuangalie kwa karibu jinsi fedha ilivyosafiri, kwa sababu humo ndimo ilimokuwa siri ya nguvu yake.

Familia inachuma kahawa nyekundu asubuhi, zile mbivu tu, wakipita mti mmoja mara kadhaa katika msimu. Siku hiyohiyo lazima imenywe kwa mashine ya mkono, mmoja akizungusha na mwingine akimimina maji, kwani ikilala na ganda lake inaharibika. Inachachushwa, inaoshwa mpaka utelezi uishe, inaanikwa kwenye vichanja na kugeuzwageuzwa, na wingu likitanda kila mtu anakimbilia kuifunika. Ikikauka inabebwa kichwani au kwa punda hadi chama cha msingi. Karani anapima, anaandika, anatoa stakabadhi na malipo ya awali. Kutoka hapo kahawa inashuka kiwandani Moshi kukobolewa na kupangwa kwa madaraja, kisha inauzwa. Miezi kadhaa baadaye, hesabu ikishajulikana, mkulima anapata malipo ya pili, na mwaka ukiwa mzuri anapata na nyongeza.

Katika safari hiyo yalikatwa makato. La kwanza lilikuwa la chama cha msingi, kwa ajili ya ghala, mizani na mshahara wa karani. La pili lilikuwa la chama kikuu. Kisha ulikuwepo ushuru wa kahawa ulioingia katika hazina ya serikali ya wenyeji, ile iliyokuja kuitwa Baraza la Wachagga. Kila kato lilikuwa na mkutano wake. Mzee wa Mwika au wa Machame aliweza kusimama katika mkutano wa chama, stakabadhi mkononi, akauliza kwa nini ghala halijaezekwa na fedha zilikwishakatwa. Huenda hakupata jibu la kumridhisha, lakini aliyeulizwa alikuwa jirani yake, mtu atakayekutana naye tena kanisani Jumapili au kilabuni kwenye pombe ya mbege.

Bei ya kahawa ilipanda sana baada ya Vita Kuu ya Pili, na katika miaka ya 1950 fedha hizo zilijenga mambo yanayoonekana mpaka leo. KNCU ilisimamisha jengo lake la ghorofa katikati ya mji wa Moshi, karibu na mnara wa saa, lenye ofisi na hoteli, wakati ambapo katika miji mingi ya Tanganyika Mwafrika aliingia jengo la namna hiyo kufagia tu. Iliendesha shule ya biashara. Vijana wakasomeshwa kwa fedha za kahawa, baadhi hadi ng'ambo. Baraza la Wachagga likajenga shule na zahanati, likawa na gazeti lake, Komkya. Sifa ya Kilimanjaro katika elimu, ambayo wengine huieleza kwa tabia ya kabila, mimi naieleza kwa ushuru wa kahawa, pamoja na shule za misheni za Walutheri na Wakatoliki ambazo wazazi walizichangia kwa jasho lao.

Tena watu waliokuwa wakiilipia serikali yao hawakuogopa kuibadilisha. Mwaka 1952 Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, wa kwanza kwa mlima mzima. Mwaka 1960 walipiga kura tena, safari hii dhidi ya umangi wa maisha, na uongozi ukaenda kwa rais wa kuchaguliwa, Solomon Eliufoo. Marealle alikuwa kiongozi hodari mwenye mengi aliyoyafanya, na bado waliweza kumwambia basi. Huko ndiko kujitawala ninakokuzungumzia.

Majirani zetu wa Meru walionyesha matumizi mengine ya fedha ya wananchi. Mwaka 1951 serikali iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi iwe ya walowezi, kufuatia mapendekezo ya tume ya Jaji Mark Wilson. Hawakuwa na silaha wala mfadhili. Walichanga. Kwa michango hiyo wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York mwaka 1952, akafuatana na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, kulishtaki jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Kura za kutosha hazikupatikana katika Baraza Kuu. Lakini Tanganyika nzima ilisikia kwamba mkulima ameweza kumshtaki mtawala wake mbele ya dunia kwa nauli iliyolipwa na wakulima wenzake. Nauli ile ingetoka kwa mtu wa nje, naye angekuwa na la kusema juu ya maneno ya kusemwa New York.

Sasa tufike mahali pagumu. Baada ya uhuru tawala za wenyeji zilifutwa, na kwa sehemu kubwa nakubaliana na sababu zake. Taifa jipya la makabila zaidi ya mia moja lisingeweza kuendeshwa kwa mabaraza ya kikabila. Mwalimu Nyerere aliona pia kwamba Kilimanjaro, Bukoba na maeneo machache ya mazao ya biashara yalikuwa mbele sana kielimu, na kwamba mtoto wa Kigoma au Lindi alikuwa na haki ileile. Kuchukua sehemu ya mapato ya mikoa yenye neema na kuyapeleka kwenye mikoa iliyosahauliwa na mkoloni ni ugawaji wa haki, na Mchagga anayelalamikia hilo simuungi mkono. Mwaka 1973 mashamba makubwa ya walowezi Kilimanjaro yalitaifishwa, na mengi yakafika mikononi mwa ushirika. Ardhi iliyochukuliwa zama za Mjerumani ikawa imerudi, walau kwa sehemu.

Kisha ukaja mwaka 1976. Mwezi Mei serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini, KNCU ikiwemo. Kazi zake zikapewa mamlaka ya zao na vijiji. Hakuna aliyeitisha mkutano wa wanachama kuwauliza, ingawa majengo, magari na maghala yalikuwa yamenunuliwa kwa makato yao. Ilisemwa kwamba vyama vilikuwa vimejaa ubadhirifu, na katika sehemu nyingi ilikuwa kweli. Lakini ubadhirifu hutibiwa na wenye mali wakipewa vitabu vya hesabu wavisome. Fedha za Kilimanjaro zingeweza kuendelea kusaidia Kigoma huku meza ya maamuzi ikibaki kwa wanachama wa Kilimanjaro, na Kigoma nayo ikajengewa meza yake. Badala yake meza zote ziliondolewa. Sheria mpya ya ushirika ilipopitishwa mwaka 1982 na KNCU kusajiliwa upya mwaka 1984, jina lilirudi, ila kizazi kizima kilikuwa kimezoea kuona chama kama ofisi ya serikali inayochelewesha malipo.

Yaliyofuata yanajulikana. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika mwaka 1989 na bei ikaporomoka, soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, na wakulima wengi wakageukia ndizi, nyanya na maziwa. Baadhi ya mashamba ya ushirika yakakodishwa kwa wawekezaji.

Kilichonipa matumaini katika kipindi hicho kilitoka chini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyama vya msingi kadhaa vilichoka kusubiri, vikaamua kupeleka kahawa yao mnadani Moshi bila kupitia KNCU, vikaungana kwa jina la G32, kwa idadi yake. Wengine waliwaita wasaliti wa ushirika. Mimi naona walikuwa warithi halali wa watu wa 1925. Na benki ya ushirika iliyoanzishwa Kilimanjaro miaka ya 1990 ilidumu katika dhiki zake zote, mpaka ikawa shina la Benki ya Ushirika Tanzania iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025. Tutaiona miaka ijayo kama mkulima ana kauli ndani yake au ana akaunti tu.

Kuna jambo ambalo watetezi wa ushirika hawapendi kuligusa. Nimesema kila kato lilikuwa na mkutano wake. Katika mikutano hiyo wanawake walikuwa wachache mno. Aliyechuma kahawa, aliyezungusha mashine ya kumenya, aliyekimbia kufunika vichanja mvua ikinyesha, mara nyingi alikuwa mama. Kadi ya uanachama iliandikwa jina la baba, na malipo ya pili yakapokelewa na baba. Kihamba chenyewe kilirithiwa na wana wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Kilichobaki chini ya mamlaka ya mama ni ndizi na maziwa, na ndivyo vilivyolisha nyumba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini sheria haipandi mlimani yenyewe. Jamii inayodai kujiamulia mbele ya serikali na mbele ya dunia ina wajibu wa kujibu nani anaamua ndani ya kihamba.

Leo fedha kubwa ya mlima haitoki tena kwenye kahawa. Inatoka juu zaidi, kwenye theluji. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kila mwaka makumi ya maelfu ya watu hupanda, na mgeni mzima kutoka nje hulipa dola 70 kwa siku kwa ada ya hifadhi pekee, kabla ya VAT, kambi, waongozaji na wapagazi. Safari ya siku sita inafika dola 420 kwa ada hiyo moja. Kijana wa Marangu au Umbwe anayebeba mzigo wa mgeni huyo anajua kilo za mzigo kuliko hesabu hizo.

Sisemi fedha zote za mlima zibaki Kilimanjaro. Mapato ya Kilimanjaro na Serengeti yamekuwa yakibeba hifadhi nyingine zisizoweza kujiendesha, na hilo ni jema. Chini ya mpango wa Ujirani Mwema, Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, limejenga madarasa na zahanati katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, na mtoto aliyesoma katika darasa hilo hawezi kuambiwa kuwa si kitu. Lakini tulinganishe na ushuru wa kahawa. Kijiji kinaomba, ofisi inachagua, jengo linazinduliwa, na wanakijiji wanashukuru. Hakuna mkutano ambao mzee anaweza kusimama na stakabadhi mkononi. Mwaka 2020 sheria ilibadilishwa ili makusanyo ya hifadhi yaingie Mfuko Mkuu wa Serikali, na umbali kati ya geti la Machame na kijiji kilicho chini yake ukazidi kuwa mrefu.

Mfano mchungu zaidi ni ukanda wa nusu maili. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda huo, upana wa mita kama 800, kwenye ukingo wa chini wa msitu, kwa ajili ya mahitaji ya Wachagga: kuni, nguzo, majani ya ng'ombe. Usimamizi ulikabidhiwa Baraza la Wachagga, ambalo lilipanda miti na kupata mapato yake. Watu wenyewe walikuwa walinzi, maana waliokata walikuwa ndio waliopanda. Baada ya uhuru ukanda ulihama kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa ikameza msitu wote, na ukanda ukaenda nao. Kuokota kuni na kukata majani kukawa kwa kibali na kwa siku zilizopangwa. Fikiria maana yake kwa mama mwenye ng'ombe wawili bandani, ambao hawawezi kusubiri Alhamisi. Fikiria pia kwamba mifongo mingi inayomwagilia vihamba huanzia ndani ya msitu, na koo zilizoichimba ndizo zilizoitunza kwa vizazi. Oktoba 2020 moto ulipounguza mlima, wanakijiji na wanafunzi walikuwa miongoni mwa waliopanda kuuzima. Watu hao ni walinzi wa mlima, na stahili yao ni kutambuliwa hivyo kwa maandishi.

Kwamba jambo hilo linawezekana, hatuhitaji kwenda mbali kuliona. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadza, jamii ya wawindaji na wachuma matunda ambao dhiki yao haiwezi hata kulinganishwa na ya Mchagga, walipata mwaka 2011 hati ya hakimiliki ya kimila kwa ajili ya ardhi yao ya pamoja, chini ya sheria ileile ya mwaka 1999. Shirika la Ujamaa Community Resource Team liliwasaidia, na mmoja wa viongozi wake, Edward Loure, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya kulinda ardhi za pamoja za wafugaji na wawindaji. Juu ya msingi wa hati hiyo Wahadza wanauza hewa ya ukaa kwa kuutunza msitu wao, kupitia Carbon Tanzania, na fedha huingia kwao, nao ndio wanaopanga ziende kwenye matibabu, karo au walinzi. Hati ilitangulia, fedha zikafuata.

Ng'ambo ya bahari mpangilio umekuwa huohuo pale ulipofaulu. Mwaka 1998 New Zealand iliwalipa Wamaori wa Ngāi Tahu dola milioni 170 za nchi hiyo, pamoja na haki ya kununua kwanza mali ya serikali inayouzwa katika eneo lao. Kiasi hicho kilikuwa sehemu ndogo ya thamani ya ardhi waliyopoteza. Lakini walikabidhiwa wenyewe, chini ya chombo chao, na leo mali zao zimevuka dola bilioni moja. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili. Serikali yetu husema Watanzania wote ni wenyeji wa asili. Sawa, basi kila kijiji cha Tanzania kinastahili yaliyomo katika azimio hilo, likiwemo la kuwa na sauti juu ya ardhi na mali zake.

Kila Desemba barabara ya kuelekea Moshi hujaa magari. Wana wa mlima wanarudi nyumbani kula Krismasi, na katika siku hizo chache hufanyika ugawaji mkubwa wa mali usioandikwa katika bajeti yoyote: karo ya mtoto wa marehemu kaka, bati za kanisa, mchango wa barabara ya kitongoji, mfuko wa sekondari. Michango ya namna hiyo ndiyo iliyojenga sekondari nyingi za binafsi Kilimanjaro katika miaka ya 1980. Ninawaheshimu wachangaji. Ila mchango wa hiari hauwezi kujaza nafasi ya haki, na familia isiyo na mtu Dar es Salaam haina Desemba ya kuisubiri.

Kwa hiyo ninasema wazi ninachokitaka. Ukanda wa nusu maili urudishwe kwa vijiji vinavyopakana nao, kwa hati za kimila na mipango ya matumizi ambayo vijiji vyenyewe vitaiandaa na kuisimamia, serikali ikibaki na kazi ya kukagua. Sehemu ya ada ya mlima itajwe kisheria kwa asilimia, iingie katika akaunti za vijiji hivyo, na matumizi yake yapitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Mashamba ya ushirika yaliyokodishwa, mikataba yake isomwe kwa sauti mbele ya wanachama, kwa Kiswahili, kabla haijasainiwa upya.

Nawe msomaji, kama ni mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika wa mazao, AMCOS, usingoje serikali. Mkutano mkuu wa mwaka ujao nenda, na kama hukuona taarifa ya hesabu ubaoni, simama uiombe. Uliza kila kato limekwenda wapi, na jibu liandikwe katika muhtasari. Kabla ya siku hiyo, nenda kwa katibu wa chama na mkeo au mama yako, aandikishwe uanachama kwa jina lake, naye awe na kura.